Kuweka video mtandaoni bure na kuifungulia unaowataka tu

Video ya harusi, ya mahafali ya madrasa au ya mazishi ya mzee huwa na watazamaji wanaojulikana: shangazi aliye Muscat, kaka aliye Leicester, wajukuu wa Toronto, na wazee waliobaki nyumbani Tanga. Huduma za bure za kuiweka mtandaoni ni nyingi, na karibu zote hutangaza kwanza ukubwa wa nafasi. Wewe anzia kwingine. Kabla ya kuuliza gigabaiti ngapi, uliza nani ataruhusiwa kufungua, atajulikanaje kuwa ndiye, na siku ukitaka kumfungia utamfungiaje. Huduma isiyokujibu hilo la tatu haifai kwa video ya faragha, hata ikikupa nafasi isiyoisha.

Kufuli za aina tatu

Ukiziondolea huduma hizi majina na rangi zake, utakuta zinalinda video kwa njia tatu.

Ya kwanza ni linki ya siri. Video haitokei kwenye utafutaji, lakini yeyote mwenye linki anaingia bila kuulizwa jina. Hiyo ndiyo "Unlisted" ya YouTube na "Anyone with the link" ya Google Drive. Kuibahatisha linki ya namna hiyo ni vigumu mno. Hatari yake ni kwamba linki husafiri: ukiitupia kwenye kundi la ukoo, mmoja ataipeleka kwenye kundi la majirani, jirani atampelekea rafiki, na wewe hutapata orodha ya waliotazama. YouTube itakuonyesha idadi yao, majina haitakuonyesha.

Ya pili ni linki yenye nywila. Ni afadhali, kwa sababu linki ikisafiri peke yake haifungui kitu. Tatizo ni kwamba watu hutuma linki na nywila katika ujumbe mmoja, na hapo faida yote imekwisha. Isitoshe, huduma nyingi huiweka nywila kwenye mpango wa kulipia. Dropbox hufanya hivyo, na mpango wake wa bure una GB 2 tu.

Ya tatu ni ruhusa kwa jina. Unaandika barua pepe ya kila mtazamaji, na ni hao tu wanaofunguliwa, tena wakiwa wameingia kwenye akaunti zao. Linki ikivuja, aliyeipata anakuta mlango umefungwa. Ukimwondoa mtu kwenye orodha, hawezi tena kufungua. YouTube na Google Drive zinatoa njia hii bure. Usumbufu wake ni kukusanya barua pepe na kuwasaidia wazee kuingia kwenye akaunti sahihi, na usumbufu huo una thamani yake.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayomzuia mtu uliyemruhusu kurekodi skrini yake, au kuchukua simu ya pili na kuielekeza kwenye kioo cha ile ya kwanza. Kwa hiyo pima uzito wa video yenyewe. Kama ikitoka nje hakuna atakayeumia, mfano hotuba za baba mkwe, linki ya siri inatosha. Kama ikitoka itamletea mtu madhara, tumia ruhusa kwa jina. Na kama ni sherehe ya wanawake watupu, ambako bibi harusi na wageni wake wamevua mitandio wakijua hakuna mwanamume atakayewaona, ushauri wetu ni kutoipandisha mtandaoni kabisa. Ipakie kwenye fleshi, mpe bibi harusi mkononi, na kadi ya kamera ifutwe mbele yake.

Akaunti ni ya nani?

Hili husahaulika, nalo ndilo chanzo cha migogoro mingi. Anayepandisha video ndiye mwenye ufunguo. Mpiga video akiipandisha kwenye chaneli yake, yeye ndiye anayeamua kama ni ya faragha au ya wote, na anaweza kuibadilisha siku anayotaka matangazo ya biashara. Kubalianeni kabla ya shughuli, kwa maandishi hata ya ujumbe wa simu: faili zote mnakabidhiwa ninyi, hakuna kipande kinachowekwa kwenye mtandao wowote bila ruhusa, na nakala yake inafutwa baada ya muda mliopatana.

Faili kubwa mwambie awatumie kwa SwissTransfer, huduma ya Uswisi inayopokea hadi GB 50 kwa mara moja bila malipo, ikiwa na nywila, idadi ya upakuaji unayoichagua, na muda wa hadi siku 30. WeTransfer inajulikana zaidi, lakini mpango wake wa bure sasa una GB 3 kwa mwezi na linki inakufa baada ya siku 3. Kwa mtu anayesubiri bando la mwisho wa wiki, siku 3 hazitoshi. Zote mbili ni za kusafirisha, si za kuhifadhi. Muda ukiisha, faili halipo tena.

Kisha fungua akaunti mpya ya Google kwa ajili ya video za familia peke yake. Usitumie ile unayopokelea ujumbe wa benki na kazi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba ya simu ya kurejesha akaunti ambayo haitabadilika, na umpe mtu wa pili unayemwamini namba za dharura za kuingilia akaunti ("backup codes") zilizochapishwa kwenye karatasi. Ingia humo walau mara chache kila mwaka, maana Google inaweza kuifuta akaunti binafsi iliyokaa miaka 2 bila kutumika, pamoja na kila kilichomo.

YouTube kwa njia ya faragha

Kwa video ndefu yenye watazamaji waliotawanyika, YouTube ndiyo chaguo letu la kwanza. Sababu ni bando. YouTube hutengeneza nakala za ubora mbalimbali za video ileile, na kila mtazamaji hupata inayolingana na mtandao wake: aliye Leicester ataona picha safi kabisa, na bibi aliye kijijini mwenye mtandao wa kusuasua ataona kwa 240p, yaani ubora wa chini, bila picha kukwama. Nafasi pia haihesabiwi kwenye zile GB 15 za Google.

Kwanza thibitisha akaunti kwa namba ya simu kwenye youtube.com/verify. Bila hatua hiyo video yoyote inayozidi dakika 15 hukataliwa, na wengi hugundua hivyo baada ya kuunguza bando zima kwa kupakia. Ukishathibitisha, kikomo ni saa 12 au GB 256, kimojawapo kitakachotangulia.

Baada ya hapo kaa kwenye kompyuta, fungua studio.youtube.com, bonyeza "Create" halafu "Upload videos". Kwenye kichwa cha video usiandike majina kamili ya maharusi wala ya mtaa. Sababu ni hii: ikiwa video ni "Unlisted", linki ikibandikwa WhatsApp inaonyesha kichwa na picha ya jalada kwa kila aliye kwenye kundi, hata asipoifungua. Andika kitu kama "Familia Julai, sehemu ya 2".

Utaulizwa kama video imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Swali hilo linahusu walengwa. Watoto kuonekana kwenye picha hakuifanyi iwe ya watoto, kwa hiyo video ya harusi jibu lake kwa kawaida ni hapana. Ukifika kwenye "Visibility" chagua "Private", hata kama mwishowe unataka "Unlisted". Iache ikiwa imefungwa mpaka ukaguzi uishe.

Ukaguzi huo ndio unaowashangaza watu. Mfumo wa Content ID husikiliza muziki uliomo ndani ya video, na haujali kama video ni ya siri au ya wazi. Taarabu iliyopigwa ukumbini, wimbo wa bongo fleva wa kuingilia keki, vyote vinaweza kutambuliwa. Mara nyingi matokeo ni dai tu la mwenye wimbo, na video inaendelea kuonekana. Wakati mwingine huzuiwa katika nchi fulani, na hapo ndipo utasikia ndugu wa nchi moja wanalalamika kwamba haifunguki wakati wengine wanatazama. Ingia kwenye "Content" ndani ya Studio, angalia safu ya "Restrictions", soma dai lenyewe, kisha chagua kukata kipande hicho, kunyamazisha wimbo au kuubadilisha. Kunyamazisha wimbo huchukua saa kadhaa, na sauti za watu waliokuwa wakizungumza juu ya muziki zinaweza kuharibika. Kwa kipande kirefu cha muziki, ni heri kuihariri video kabla ya kuipandisha.

Video ikiwa tayari, rudi kwenye "Visibility", iache "Private", bonyeza "Share privately" na uandike barua pepe za watazamaji. Weka alama ya kuwajulisha. Barua pepe hizo lazima ziwe zile zinazotumika kama akaunti za Google. Mtu asiyeijua yake na anayetumia simu ya Android afungue Play Store na aguse picha ya duara upande wa juu kulia. Barua pepe yake imeandikwa hapo. Akupigie picha ya skrini akutumie, asiitamke kwa simu, maana herufi moja ikikosewa hafunguliwi.

Malalamiko utakayoyapata baada ya hapo karibu yote ni ya aina moja: "Imeandika video ni ya faragha." Maana yake ameingia kwa akaunti nyingine. Simu nyingi zina akaunti mbili au tatu, ya baba, ya mtoto aliyeazima, na ile iliyofunguliwa dukani simu iliponunuliwa. Mwambie afungue YouTube, aguse picha yake ya wasifu, abadilishe akaunti, kisha aguse linki upya. Linki ikifunguka ndani ya WhatsApp au kwenye kivinjari badala ya programu ya YouTube, tatizo linarudi, kwa sababu huko huenda hajaingia kabisa.

Video ya "Private" haipokei maoni. Kwa familia hilo si pungufu, maana salamu na vigelegele vina nafasi yake kwenye kundi.

Kwa wanaochagua "Unlisted", kuna mitego miwili. Mtazamaji akiiingiza kwenye orodha yake ya video iliyo wazi, watu wasiojulikana wanaweza kuikuta humo. Na linki ya YouTube haibadilishiki. Ikivuja, dawa ni kuigeuza "Private", na hapo inakufa kwa wote, au kuipandisha upya ipate linki mpya. Pia YouTube yenyewe imewahi kubadilisha kanuni: Julai 2021 video za "Unlisted" zilizopandishwa kabla ya tarehe 1 Januari 2017 ziligeuzwa "Private" isipokuwa mwenyewe akatae, kwa sababu za usalama wa linki. Waliokuwa wamebandika linki hizo kwenye tovuti za shule na misikiti walikuta hazifunguki.

Google Drive kwa wanaotaka faili lenyewe

Drive inafaa pale mtazamaji anapohitaji kupakua video kwa ubora wake wa asili, au mnapotaka folda moja yenye vipande vingi. Nafasi ya bure ni GB 15, na humo humo wanagawana Gmail na Google Photos. Ukiijaza video, barua pepe huacha kuingia. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na akaunti ya pekee.

Tengeneza folda, pakia video, bonyeza "Share". Chini ya "General access" hakikisha imeandikwa "Restricted". Ongeza barua pepe moja moja na uwape nafasi ya "Viewer". Usimpe mtu "Editor" kwa heshima tu kwamba ni mkubwa wa familia, kwa kuwa mwenye nafasi hiyo anaweza kuongeza watu wengine na kuondoa mafaili kwenye folda. Kama lazima umpe, bonyeza alama ya gurudumu la meno na uondoe ruhusa ya wahariri kubadilisha idhini na kushirikisha wengine. Hapo hapo kwenye faili la video unaweza kuondoa ruhusa ya watazamaji kupakua.

Kuwa makini na folda. Ruhusa ya folda hushuka mpaka kwenye kila kilichomo. Ukiburuta video ya chumbani ya kupamba bibi harusi ukaiweka kimakosa kwenye folda iliyoshirikishwa ukoo mzima, tayari wote wanayo, bila onyo kubwa. Tenga folda mbili tangu mwanzo: ya wote, na ya ndani. Usiweke ya pili ndani ya ya kwanza.

Ukishapakia, Drive huhitaji muda kuiandaa video ili ichezwe moja kwa moja, na kwa video ya saa nzima huweza kuwa saa kadhaa. Wakati huo mtazamaji ataona ujumbe kwamba video bado inashughulikiwa. Pakia jioni, gawa linki kesho yake. Kwenye Drive video huchezwa kwa ubora usiozidi 1080p, hata kama uliipandisha ya 4K, ila anayeipakua anapata faili kamili. Na ikiwa watu wengi mno wameifungua au kuipakua kwa muda mfupi, Drive huifunga kwa hadi saa 24. Kwa hiyo Drive haifai kwa video ambayo watu mia tano wataikimbilia usiku mmoja. Hiyo ipeleke YouTube.

Telegram, WhatsApp na wengineo

Telegram inabeba faili la hadi GB 2 bure, na chaneli yake ya faragha ina zana nzuri kuliko nyingi: unatengeneza linki ya mwaliko yenye tarehe ya kuisha, yenye kikomo cha watu watakaoitumia, au inayotaka idhini yako kwa kila anayeomba kuingia. Washa pia "Restrict saving content" ili watu wasihifadhi wala kusambaza kwa kubonyeza tu. Chagua chaneli badala ya kundi, kwa sababu wanachama wa chaneli hawaonani. Fahamu mambo mawili. Mazungumzo ya kawaida na chaneli za Telegram hayajafungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani ule unaowaachia mtumaji na mpokeaji peke yao kusoma. Kampuni inaweza kuyasoma kwenye seva zake. Usimbaji huo upo kwenye mazungumzo ya siri ya watu wawili tu. Pili, huduma yenyewe yaweza kufungwa: wakati wa mitihani ya KCSE, ya kumaliza sekondari, Novemba 2023 na Novemba 2024, watumiaji wengi Kenya hawakuipata bila njia za kuzunguka.

WhatsApp ndiyo iliyo mikononi mwa wote, na ujumbe wake umesimbwa mwanzo hadi mwisho. Video ukiituma kama video inabanwa na kupoteza ubora. Ukiituma kama "Document" inapita jinsi ilivyo, hadi GB 2. Lakini ukituma umeshagawa nakala. Kila aliyepokea ana faili lake, simu yake huenda inalihifadhi kwenye gallery na kulipakia kwenye Google Photos bila yeye kujua, na kulituma mbele ni kubonyeza mara moja. Kufuta kwa wote kunawezekana kwa takriban siku mbili na nusu tangu kutuma, na hakugusi kilichokwisha kuhifadhiwa kwingine. Itumie WhatsApp kupeleka linki ya video iliyofungwa kwa jina, video yenyewe ibaki mahali pamoja.

Kama hutaki hata kampuni mwenye seva aone kilichomo, MEGA ya New Zealand inatoa GB 20 bure na husimba faili kabla halijatoka kwenye kifaa chako. Unaweza kutuma linki bila ufunguo wake, kisha ufunguo ukaupeleka kwa njia nyingine: linki kwa barua pepe, ufunguo kwa kupiga simu au kwa ujumbe mwingine. Hifadhi "Recovery Key" yako kwenye karatasi siku unapofungua akaunti, maana ukisahau nywila bila ufunguo huo, hata MEGA hawawezi kukurudishia kitu. Mipaka ya upakuaji kwa wasiolipa huwakatisha watu katikati ya faili kubwa, kwa hiyo gawa video katika sehemu za nusu saa. Proton Drive ya Uswisi hufanya kazi kwa usimbaji wa namna hiyo, ikiwa na hadi GB 5 za bure.

Vimeo bado inatajwa sana kwenye ushauri wa zamani. Mpango wake wa bure umebanwa kiasi kwamba video moja ya harusi inaweza kuumaliza. Hatuipendekezi kwa kazi hii.

Kubana video kabla ya kupakia

Ukubwa wa faili ni kasi ya data mara muda, gawa kwa 8. Video ya megabiti 2 kwa sekunde ni MB 15 kwa dakika, basi dakika 40 ni MB 600. Linganisha na kinachotoka kwenye kamera: iPhone ikirekodi 1080p kwa HEVC, mfumo mpya zaidi wa kubana picha, hutumia takriban MB 60 kwa dakika, na 4K ya fremu 30 takriban MB 170. Dakika 40 za 4K zinakaribia GB 7. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2, zile MB 600 zitachukua kama dakika 40, na zile GB 7 zitachukua karibu saa 8, kama mtandao hautakatika.

Programu ya bure ya HandBrake hufanya kazi hii kwenye Windows, Mac na Linux. Fungua faili, chagua mpangilio wa "Fast 720p30", weka alama kwenye "Web Optimized" ili video ianze kuchezwa kabla haijapakuliwa yote, na chunguza kwamba umbo ni MP4 na mfumo wa picha ni H.264. HEVC huokoa nafasi, lakini kompyuta za zamani na baadhi ya vivinjari haviwezi kuicheza. Mtazamaji atasikia sauti bila picha na kudhani faili limeharibika. Kwenye sehemu ya ubora utaona namba ya RF, na namba ikipungua ubora unapanda pamoja na ukubwa. Kwa 720p kaa kati ya 19 na 23. Picha za usiku, taa za ukumbini zinazomulika na nguo zenye vipuli vinavyometa ndizo zinazoharibika kwanza, zikawa na miraba miraba. Kwa hizo tumia 19 au 20. Jaribu kwanza kipande cha dakika moja, uone kwa macho kabla ya kubana saa nzima.

Ukipakia kwa simu, zima hali ya kuokoa betri na uache programu ikiwa wazi, la sivyo upakiaji husimama skrini ikizimika. Kwenye kompyuta, zuia isilale.

Kuna jambo jingine ndani ya faili lisiloonekana. Simu nyingi huandika mahali video iliporekodiwa, kwa vipimo vya GPS. Anayepakua faili asilia kutoka Drive au aliyetumiwa kama "Document" anaweza kusoma nyumba yenu ilipo. Zima mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya shughuli. Kama umeshachelewa, programu ya ffmpeg, inayoendeshwa kwa amri za kuandika kwenye kompyuta, huondoa maelezo hayo bila kugusa picha:

ffmpeg -i harusi.mp4 -map_metadata -1 -c copy harusi-safi.mp4

Watoto

Mahafali ya chekechea yanataka uangalifu wa pekee, kwa kuwa aliyerekodi si mzazi wa wote wanaoonekana. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Si vitisho vya kwenye karatasi tu: Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Pata ridhaa ya maandishi ya kila mzazi, itaje huduma itakayotumika na nani atatazama. Mtoto ambaye mzazi wake amekataa, muondoe kwa kukata kipande au kumficha uso. Kihariri cha YouTube Studio kina zana ya kuziba nyuso, nayo ifanye video ikiwa bado "Private". Tumia ruhusa kwa jina, usitumie linki. Na video za watoto wakioga au wakiwa bila nguo zisiwekwe kwenye huduma yoyote, hata kama nia ni ya mzazi kuhifadhi kumbukumbu. Mifumo ya ukaguzi inaweza kuifunga akaunti nzima, na madhara kwa mtoto zikivuja hayarekebishiki.

Jaribu kabla ya kugawa

Fungua dirisha la faragha la kivinjari, bandika linki. Kama uliweka ruhusa kwa jina, lazima ukatazwe. Ukiona video inacheza, umekosea mpangilio. Kisha iombe simu ya mtu mmoja aliyealikwa na mmoja asiyealikwa, mjaribu kwa data ya simu bila Wi-Fi. Tazama mwanzo, katikati na dakika ya mwisho, kwa sababu faili lililokatika wakati wa kupakia mara nyingi huanza vizuri.

Kama imevuja, geuza kwanza kuwa "Private" au "Restricted", halafu piga picha za skrini za mahali ilipowekwa pamoja na anwani na tarehe, ndipo uripoti kwenye mtandao husika. Ukianza kwa kugombana kwenye kundi, aliyesambaza atafuta ushahidi. Kwa picha au video za utupu za mtu mzima, StopNCII.org hutengeneza alama ya utambulisho ya faili ndani ya kifaa chako bila kulipakia, na mitandao inayoshirikiana nayo, Facebook na TikTok zikiwemo, hutumia alama hiyo kulizuia. Jambo la mtoto, Kenya na Tanzania zote zina simu ya msaada 116.

Mwisho, weka nakala asilia kwenye diski ya nje na nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti. YouTube Studio ikikurudishia video yako hukupa MP4 ya 720p au 360p, kwa hiyo kilichopandishwa kwa 1080p hakirudi kama kilivyokwenda. Drive huweka ulichofuta kwenye "Trash" kwa siku 30, kikiendelea kuhesabiwa kwenye nafasi yako. Ukitaka nafasi leo, mwaga pipa hilo kwa mkono, lakini kwanza fungua nakala ya kwenye diski uhakikishe inacheza hadi mwisho.